Hesabu Zipi, Kidawa?

Mwezi wa Ramadhani, mwaka wa sitini na tisa, nyumba moja ya mawe pale Kiponda ilikuwa haina utulivu kuanzia alasiri. Familia nne zilikaa ndani yake. Kila familia ilikuwa na jiko lake, kila jiko lilikuwa na moshi wake, na moshi wote ulikutana uwani bila ya kupigiana hodi.

Chini, upande wa kisima, alikaa Bwana Silima, mkewe Mwamvua na binti yao Kidawa. Bwana Silima alifanya kazi bandarini, ghala la karafuu. Akirudi nyumbani, harufu ya karafuu hufika kabla yake.

Saa hizo za alasiri Mwamvua husukuma manda za sambusa. Kidawa hukaa mbele yake akikunja. Mikono yake ilikunja, na mdomo wake ulisoma. Hakuwa akisoma dua. Alikuwa akisoma jometri.

Aliisoma kwa sauti, akiyumba mbele na nyuma, kwa lahani ile ile aliyoizoea chuoni kwa maalim wake wa Kurani. Maneno yalikuwa ya Kiingereza, kama yalivyo katika kitabu cha skuli. Pembe hii ni sawa na pembe ile, kwa sababu hii na hii. Kidawa hakuzifahamu sababu zenyewe, lakini alijua vizuri mahali pa kuvuta pumzi.

Msimcheke. Kidawa alihifadhi Kurani angali mdogo, na mtaa mzima ulikula pilau siku aliyohitimu. Kwa hivyo yeye na mama yake walifikiri skuli ni hivyo hivyo. Mwamvua akiwaambia majirani kwamba kichwa kilichobeba juzuu thelathini hakiwezi kushindwa na vipembe. Na kweli, katika kidato cha kwanza kichwa hicho hakikushindwa. Mwalim alitoa maswali kama yalivyo kitabuni, Kidawa akajibu kama ilivyo kitabuni, wote wawili wakawa radhi.

Kidato cha pili akaja mwalim mwengine. Huyu alichora pembetatu ubaoni, akaipindua kichwa chini. Kisha akaziondoa herufi za kitabuni, akaweka nyengine. Akamwita Kidawa aeleze.

Kidawa akaanza kusoma. Mwalim akamkatiza katikati, akamuuliza kwa nini. Kidawa akafanya kama afanyavyo mtu aliyepotelewa na aya: akarudi mwanzo, akasoma upya. Alipofika pale pale, akakwama pale pale.

Nyuma ya darasa alikaa msichana mmoja, jina lake Mwatum, ulimi wake kama wembe mpya.

"Santuri imekwaruzika," alisema Mwatum. "Mwalim, mnyanyulie sindano."

Darasa zima likacheka. Tangu siku hiyo Kidawa akawa Bi Santuri. Waliokuwepo walimwita hivyo, na wasiokuwepo wakahadithiwa, nao wakamwita hivyo.

Basi Kidawa akakosa raha. Akikaa anainuka. Akiinuka hajui anakwenda wapi. Anafungua kitabu, anakifunga, anakwenda kisimani kuchota maji na ndoo imejaa.

Mambo hayo yalimfika wakati mbaya. Mwisho wa kidato cha pili wanafunzi walikuwa wakigawiwa njia mbili. Njia moja iliitwa Hesabu za Kawaida. Huko husomwa asilimia, faida na hasara, riba, vipimo na mizani. Njia ya pili iliitwa Hisabati. Huko kuna aljebra, jometri, na nyengine ngumu zaidi zinazokuja nyuma yake. Mwalim wa darasa aliwaambia wazungumze na wazee wao. Jumatatu kila mzee aje skuli mwenyewe, aseme mwanawe anafuata njia ipi.

Kidawa alishachagua. Alitaka Hesabu za Kawaida, mahali ambapo hakuna mtu wa kupindua pembetatu.

Tatizo ni kwamba alitaka na jambo jengine pia. Tangu mjomba wake alipopewa na serikali eka tatu za shamba kule Dunga, Kidawa alitaka kuwa mpima ardhi. Siku wapimaji walipokwenda kupima, alikuwepo. Walikuja na darubini ya miguu mitatu, na mmoja wao akamruhusu achungulie. Kidawa hakuisahau siku hiyo. Akitangaza kwa kila mtu kwamba naye atakwenda chuo cha wapimaji huko Bara, atarudi na darubini yake. Shangazi yake, Bi Sichana, alimuuliza nani atamshikia hiyo miguu mitatu siku akiwa na mimba. Kidawa alijibu kwamba miguu mitatu haishikwi na mtu, husimama yenyewe, na hilo ndilo linaloishinda miguu miwili ya wengine. Kwa jibu hilo alipigwa kofi, lakini hakubadilisha nia.

Sasa sikilizeni. Mtoto anataka chuo. Mtoto anachagua hesabu. Na katika nyumba nzima hakuna aliyeuliza kama chuo hicho kinazitaka hesabu hizo. Baba alisema Hesabu za Kawaida ni sawa, maana atapata alama nzuri na cheti kitang'aa. Mama alisema hesabu ni hesabu, kama vile wali ni wali. Kidawa mwenyewe hakutaka kuuliza. Aliogopa kujibiwa.

Jumamosi, jua likianza kupoa, Mwanamwema alishuka kutoka ghorofani kuja kuazima koleo la moto. Mwanamwema alikuwa mwalim kijana, akifundisha hisabati katika skuli nyengine. Alivaa miwani iliyofungwa uzi upande mmoja, na alikuwa na tabia ya kuuliza maswali hata akiwa amefunga.

Alimwamkia Mwamvua, "Shikamoo, Bi Mwamvua." Mwamvua akaitikia, "Marahaba, mwanangu," akamwambia koleo lile pale. Lakini Mwanamwema hakulichukua. Alisimama akimsikiliza Kidawa.

"Unasoma vizuri," alimwambia. "Hiyo ni sura gani?"

Kidawa akaona haya. Mama yake akamjibia. Akasema kwamba Kidawa anasoma jometri kwa mara ya mwisho, kuiaga, kwa sababu Jumatatu baba yake anakwenda kumwandikisha Hesabu za Kawaida.

"Na ile darubini ya Dunga?" aliuliza Mwanamwema.

"Nitakwenda chuo vile vile," alisema Kidawa. "Nitakuwa na cheti kizuri."

"Umewauliza chuo wanataka hesabu zipi?"

Kidawa akakunja sambusa. Sambusa hiyo ilikuwa haina nyama ndani.

Mwanamwema akavuta kibao, akakaa. Akaeleza polepole, bila ya kumcheka. Alisema Hesabu za Kawaida si mbaya. Anayetaka ukarani, au duka, au kazi nyingi za ofisini, zinamfaa, na azisome kwa bidii. Lakini anayetaka upimaji wa ardhi, uhandisi, udaktari, au kuendelea na sayansi kidato cha tano, huulizwa Hisabati. Pale chuoni hawaanzi kwa kuuliza umepata alama ngapi. Huanza kwa kuuliza umesoma ipi.

Akawatolea mfano wa binamu yake, Mcha. Mcha alipata alama za juu kabisa katika Hesabu za Kawaida, akachinjiwa jogoo. Alipokwenda kuomba chuo cha ufundi, karani alikitazama cheti chake, akakisifu, akamrejeshea. Ilimbidi Mcha arudi kusoma Hisabati jioni, baada ya kazi, pamoja na watoto waliomwita mjomba.

"Alifika?" aliuliza Mwamvua.

"Alifika. Lakini alichelewa miaka, na jogoo hakurudi."

Kidawa aliinuka, akakaa tena. Akasema basi yeye amekwisha. Njia nyepesi haifiki, na njia ngumu haiwezi. Alishajaribu. Alisoma kitabu kizima mpaka usingizini, na bado alikwama mbele ya watu.

"Usingizini ulisoma nini?" aliuliza Mwanamwema. "Nieleze pembetatu. Pembe zake tatu zikijumlishwa zinafanya nini?"

Kidawa akafunga macho, akaanza kuyumba. Mwanamwema akamshika bega, akamzuia asiyumbe. Maneno nayo yakasimama hapo hapo.

"Kurani huhifadhiwa neno kwa neno, na ndiyo haki yake," alisema Mwanamwema. "Hukubadilisha hata herufi moja, na umefanya vyema. Hesabu ni kinyume chake. Hesabu lazima uweze kuzibadilisha. Ubadilishe herufi, upindue picha, useme kwa maneno yako, na jambo libakie kweli. Kama huwezi kulibadilisha, bado hujalifahamu."

Akainama, akachukua manda moja mbichi. Mwamvua alimtazama kama mtu anayetazama mwizi, kwa kuwa unga wa ngano siku hizo ulikuwa wa kupangia foleni. Mwanamwema akaikata manda kwa kisu, ikawa pembetatu ya ovyo, mbaya, haina upande uliolingana na mwenziwe. Akachana ncha zake tatu. Akazipanga juu ya ubao wa kusukumia manda, ncha kwa ncha, zikigusana. Upande wa chini ukawa mstari ulionyooka.

"Sasa kata yako," alisema. "Kata mbaya kuliko hii."

Kidawa akakata nyembamba, ndefu, kama jino la papa. Akachana, akapanga. Mstari ukanyooka. Akakata nyengine, fupi, pana. Ukanyooka. Alipotaka ya nne, mama yake akamwambia kwamba akigusa manda nyengine watafuturu mstari.

Kidawa akaacha. Aliangalia ubao. Kisha akauliza jambo ambalo hajawahi kuuliza maishani mwake.

"Lakini nitajua vipi kama ni pembetatu zote? Labda ipo moja imejificha, nikiikata haitanyooka."

Mwanamwema akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Alikuwa amefurahi, na hakutaka ionekane.

Alisema hapo ndipo Hisabati inapoanza. Manda inaonyesha, lakini haithibitishi. Mtu hawezi kukata pembetatu zote za dunia, na Bi Mwamvua hatakubali. Akachukua kipande cha mkaa, akachora pembetatu kwenye sakafu. Kwenye ncha ya juu akapitisha mstari, uliokwenda sambamba na upande wa chini, kama kingo mbili za njia moja. Akamtaka Kidawa atazame pembe ya chini kushoto, kisha atazame juu, aone ipi inafanana nayo. Kidawa akatazama. Akaona pembe ile ile imejirudia juu, upande wa kushoto wa ncha. Ya chini kulia nayo imejirudia juu kulia. Na ile ya juu yenyewe ipo hapo hapo katikati yao. Zote tatu zilikuwa zimekaa pamoja juu ya mstari mmoja ulionyooka.

"Hivi ndivyo kilivyosema," alinong'ona Kidawa. "Kitabu. Siku zote kilikuwa kikisema hivi."

"Na wewe ulikuwa ukivuta pumzi," alisema Mwanamwema.

Bwana Silima akaingia wakati huo, na karafuu zake. Akakuta mkewe amenuna, manda zimechanwa, sakafu imechorwa, na binti yake amepiga magoti. Alipoelezwa habari, alikataa. Hakukataa kwa ukali. Alikuwa amefunga, amechoka, na alijua vizuri jina la Bi Santuri, maana liliwahi kufika mpaka bandarini.

"Mwalim, mimi sitaki mwanangu achekwe," alisema. "Akienda hiyo ngumu akafeli, nitafanya nini?"

Mwanamwema alimjibu kwa adabu, lakini hakumficha. Alisema anaweza kufeli. Huko mwanzo alama zake zitashuka, asimgombeze. Ila kuna jambo moja alijue. Aliyeanza Hisabati ikamshinda, skuli humruhusu ahamie Hesabu za Kawaida kidato cha tatu hicho hicho. Aliyeanza Hesabu za Kawaida, kuhamia Hisabati ni taabu kubwa, kwa sababu wenziwe wameshamwacha mbali.

"Yaani kushuka kupo, kupanda hakupo," alisema Bwana Silima.

"Naam, baba."

Bwana Silima akakaa akifikiri mpaka adhana. Alipokwisha kufuturu, akatoa hukumu yake. Kesho, Jumapili, Kidawa amweleze yeye hiyo pembetatu. Asimsomee. Amweleze, tena kwa Kiswahili. Akifahamu yeye, mchukuzi wa magunia, Jumatatu atakwenda skuli kusema Hisabati. Asipofahamu, basi.

Jumapili ilikuwa ndefu. Kidawa alifagia uwa, akafagia tena. Kila alipojisemea maneno kichwani, yalikuja na lahani, akayafukuza. Alimwelezea paka. Paka akaondoka katikati.

Alasiri baba yake akakaa juu ya gunia, akashika mkaa mwenyewe. Akachora pembetatu mbaya kupita zote, imelala ubavu, ncha yake imeelekea mlangoni.

"Haya. Nieleze hii."

Kidawa akafungua mdomo. Maneno ya kitabuni yakaja mbio, yamejipanga. Mwili ukataka kuyumba. Akafunga mdomo. Mama yake aliacha kusukuma manda. Juu ghorofani, Mwanamwema alisimama akisikiliza nyuma ya dirisha, ingawa baadaye alikana.

"Subiri, baba," alisema Kidawa.

Akazunguka upande wa pili wa mchoro. Akainama, akauangalia. Kisha akachukua mkaa kwa baba yake, akapitisha mstari kwenye ncha ile iliyoelekea mlangoni.

"Huo mstari nani kakwambia uuweke?" aliuliza baba. "Mimi sikuuchora."

"Hakuna aliyenambia. Nimeuweka kwa sababu nnauhitaji."

Akamweleza. Alikwama mara moja, lakini hakurudi mwanzo. Alibakia pale pale alipokwama, akafikiri, akaendelea. Baba akambishia kila hatua. Akauliza kama pembe hizi zinafanana kweli au ni macho yake ya njaa. Kidawa akamwambia akae huku, atazame hivi, afikirie njia inayokatisha reli mbili za kitoroli pale bandarini, jinsi inavyozikata zote kwa mshazari ule ule. Bwana Silima akaufuata mstari kwa kidole. Reli hizo alizivuka kila siku.

Mwisho akapangusa mikono.

"Nimefahamu," alisema. "Sikutaka, lakini nimefahamu."

Jumatatu Bwana Silima alivaa kanzu safi akaenda skuli. Mwalim wa darasa, ambaye kazi yake ilikuwa kufundisha historia, alimuuliza kama ana hakika, maana msichana aliwahi kupata taabu. Bwana Silima akaomba chaki. Inasemekana mwalim yule wa historia alielezwa pembetatu kwa muda mrefu sana, akiwa amefunga, na kwamba alimwandika Kidawa katika Hisabati kabla ya mzee kufika kwenye pembe ya tatu.

Haikuwa rahisi. Muhula wa kwanza wa kidato cha tatu alama zake zilishuka, kama alivyosema Mwanamwema, na Bwana Silima hakugombeza, ingawa ilimuuma. Lakini sasa Kidawa alisoma namna nyengine. Kila siku alifanya maswali machache, siku zote, badala ya mengi usiku wa mtihani. Akisoma mfano kitabuni, hufunga kitabu akaufanya upya mwenyewe, kwa tarakimu nyengine. Akikosa, hafuti kosa. Hulitafuta lilipoanzia. Akishindwa kabisa, huuliza skuli mbele ya watu, na wanaocheka hucheka.

Siku moja Mwatum mwenyewe alikuja Kiponda. Aljebra ilikuwa imemshinda, na ulimi haukumsaidia. Alizunguka zunguka kisimani, akasifu ndoo, kisha akasema kilichomleta. Kidawa akamwambia akae, lakini kwanza anyanyuliwe sindano. Wakacheka wote wawili. Wakasoma pamoja mpaka kidato cha nne. Mmoja akieleza, mwengine kazi yake ni kubisha, na katika kubisha Mwatum hakuwa na mfano.

Na jengine alilofanya Kidawa, alilifanya mapema. Mwanzo wa kidato cha nne yeye na Mwanamwema walikiandikia chuo, wakauliza wanataka masomo gani na maombi yapelekwe lini. Kwa hivyo mitihani ilipokwisha hakukimbizana na mtu. Alifaulu Hisabati. Hakupata alama ya juu kabisa, alipata inayotosha. Akaitwa kwenye usaili pale pale mjini, na baada ya hapo akachukuliwa chuo cha wapimaji, akavuka kwenda Bara.

Lakini siku ya usaili yenyewe hakuna aliyejua hayo. Bwana Silima alimngojea nje, akienda na kurudi mbele ya mlango mpaka mlinzi akamwomba akae. Kidawa alipotoka, uso wake haukusema kitu. Baba yake akamshika mkono, akamuuliza wamemtaka nini.

Kidawa akasema wamempa swali ambalo halimo katika kitabu chochote alichokisoma. Vilima viwili na bonde lisilopitika katikati, na yeye aseme umbali kutoka kimoja mpaka chengine.

"Ukajibu nini?"

"Nikawaambia sijui bado. Nikaomba karatasi."

Bwana Silima akamwachia mkono. Miaka yote hiyo, na mtoto anakwenda kuwaambia wakubwa kwamba hajui.

"Sijui bado," alirudia baba yake kwa sauti ndogo. "Halafu?"

"Halafu nikajua."